Kuoka vitindamlo vya kakao bila maziwa na kwa mafuta kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa mtu anayeoka nyumbani kwa ajili ya familia au wageni, awe anatumia oveni ya gesi, ya umeme, au sufuria na makaa. Kijiko cha chai kinachotajwa humu ni cha mililita 5 na kijiko cha mezani ni cha mililita 15. Viungo vikavu vimepimwa kwa gramu, kwa sababu kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa hutofautiana kiasi cha kuiharibu keki, hasa keki isiyo na mafuta ya kuficha makosa.

Je, keki isiyo na maziwa huwa na mafuta kidogo?

Si lazima, na kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowapotosha wengi. Mtu anayeacha siagi na maziwa ya ng'ombe, kisha akatia tui zito la nazi, amepata keki isiyo na maziwa hata chembe; lakini tui hilo laweza kuwa na gramu 20 za mafuta katika kila gramu 100, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ile ambayo wataalamu wa lishe hushauri ipunguzwe. Parachichi nalo, ambalo siku hizi husagwa pamoja na kakao na kusifiwa kuwa kitindamlo chepesi, lina takriban gramu 15 za mafuta katika kila gramu 100. Mafuta yake ni bora kwa moyo kuliko ya siagi, ila si machache. Upande wa pili yapo maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, ambayo karibu hayana mafuta kabisa, lakini ni maziwa yaleyale. Kwa hiyo kila kiungo kiulizwe maswali mawili, na jibu la moja lisichukuliwe kuwa jibu la lingine.

Mafuta kidogo ni kiasi gani hasa?

Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ambao mashirika ya viwango ya nchi nyingi huufuata, huruhusu chakula kigumu kuitwa chenye mafuta kidogo ikiwa hakizidishi gramu 3 za mafuta katika kila gramu 100, na kinywaji kisizidishe gramu 1.5 katika kila mililita 100. Hicho ni kipimo kikali kwa keki. Keki ya kawaida ya siagi, ile ya uzito sawa wa siagi, sukari, unga na mayai, hupita gramu 20. Keki iliyoelezwa hapa chini ina gramu 3 na ushei, yaani inauzidi mstari huo kidogo, na hatuoni haya kusema hivyo. Kuondoa kijiko cha mwisho cha mafuta ili tu kutimiza hesabu huleta keki ambayo watu huila kwa adabu na kuacha nusu.

Kwa nini mnasisitiza unga wa kakao badala ya chokoleti ya kuyeyusha?

Kwa sababu mafuta mengi yamekwisha kukamuliwa humo. Mbegu ya kakao iliyokaushwa ina mafuta yapatayo nusu ya uzito wake. Mwaka 1828, mjini Amsterdam, familia ya van Houten ilipata hataza ya shinikizo lililoweza kuyakamua mafuta hayo na kubakiza tope kavu linalosagika kuwa unga, na tangu hapo kakao imekuwa ikiuzwa kwa sura mbili. Unga mwingi unaopatikana madukani una mafuta ya asilimia 10 hadi 12. Upo mzito zaidi wenye asilimia 20 hadi 24, na tofauti hiyo huonekana kwenye jedwali la lishe nyuma ya pakiti. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70, kwa kulinganisha, huwa na gramu 40 na zaidi za mafuta katika kila gramu 100. Ladha tunayoiita ya chokoleti kwa sehemu kubwa imo katika ule unga, si katika mafuta, kwa hiyo mwokaji anayeanza na unga anapata ladha kwanza na kuamua mwenyewe mafuta aongeze kiasi gani.

Tahadhari moja ni muhimu kuliko zote. Katika rafu hiyohiyo huwekwa vinywaji vya chokoleti vya unga, na watu wengi hununua hivyo wakidhani ni kakao. Vinywaji hivyo mara nyingi ni sukari kwa nusu au zaidi, na vingi vina maziwa ya unga au kimea. Keki iliyookwa navyo hutoka ya rangi ya mchanga, tamu kupita kiasi na isiyo na harufu. Pakiti unayoitaka ina kiungo kimoja tu, kakao, au kakao na kirekebisha asidi.

Kirekebisha asidi hicho ni nini, na kina athari gani kwenye keki?

Unga wa kakao wa asili una uchachu kidogo na rangi ya kahawia iliyofifia. Viwanda vingine huutia alkali ili uchachu uishe, na matokeo yake ni unga wa rangi iliyokoza na ladha tulivu. Zote mbili zinafaa, ila haziumuki kwa namna moja. Bekingi soda huhitaji uchachu ili itoe hewa, na unga wa asili huchangia uchachu huo. Ikiwa pakiti yako inataja alkali au kirekebisha asidi, tumia vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda badala ya kimoja cha bekingi soda katika kichocheo kinachofuata; vinginevyo keki huweza kubaki na ladha ya sabuni.

Naomba kichocheo kimoja cha kuanzia ambacho hakina maziwa, siagi wala mayai.

Msingi wake ni keki iliyoenea Marekani katika miaka ya dhiki ya 1930, wakati maziwa, siagi na mayai vilipokuwa ghali. Waokaji wa wakati ule walitumia siki na bekingi soda kuumua unga, na mafuta vijiko vitano. Hapa mafuta yamebaki kijiko kimoja na ndizi imechukua nafasi ya mengine.

Pima gramu 200 za unga wa ngano, gramu 35 za unga wa kakao, gramu 130 za sukari, gramu 120 za ndizi iliyoiva sana na kupondwa (kwa kawaida ni ndizi moja kubwa au mbili ndogo), mililita 180 za maji, kijiko cha mezani kimoja cha mafuta ya alizeti, kijiko cha mezani kimoja cha siki nyeupe, kijiko cha chai kimoja cha bekingi soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai kimoja cha vanila.

Washa oveni nyuzi 175 kabla ya kugusa chochote. Chemsha maji, yamimine juu ya kakao huku ukikoroga hadi mabonge yaishe, kisha uache mchanganyiko upoe kwa dakika kumi. Hatua hii isirukwe. Maji ya moto huamsha harufu ya kakao, na katika keki yenye mafuta machache, ambamo hakuna kitu kingine cha kuibeba harufu hiyo, tofauti hujulikana mara tu jiko linapofunguliwa. Ukiwa na kahawa nyeusi iliyobaki asubuhi, tumia hiyo badala ya maji. Keki haitakuwa na ladha ya kahawa, bali kakao itazidi kukolea.

Chekecha pamoja unga, bekingi soda na chumvi. Katika bakuli lingine changanya ndizi, sukari, mafuta, vanila na ile kakao iliyopoa. Mimina majimaji juu ya unga, ongeza siki mwishoni, na ukunje kwa mwiko mpaka pasiwe na unga mkavu unaoonekana, basi. Vidonge vidogo vikibaki viache. Mimina kwenye chombo cha mraba cha sentimita 20 kilichotandikwa karatasi ya kuokea na ukiingize ovenini papo hapo, kwa kuwa hewa ya siki na soda huanza kutoka tangu vinapokutana na haimsubiri mtu apokee simu. Keki huiva kwa dakika 28 hadi 32. Ikikatwa vipande 12, kila kimoja kina mafuta yasiyofika gramu 2 na sukari iliyoongezwa ya gramu 11 hivi.

Nitajuaje kwamba imeiva, maana rangi yake ni ileile tangu mwanzo?

Ni kweli kwamba jicho lililozoea keki nyeupe hudanganyika hapa. Angalia pembeni: keki iliyoiva huanza kuachana na ukuta wa chombo, na uso wake hupoteza mng'ao wa unyevu. Bonyeza katikati kwa ncha ya kidole. Pakirudi polepole, choma kijiti. Kijiti kitoke na punje mbili tatu zenye unyevu. Kikitoka kikavu kabisa, keki ya mafuta kidogo tayari imepitiliza, kwa kuwa joto linaendelea kuikausha hata baada ya kutolewa. Harufu si kipimo; kakao hunukia jikoni muda mrefu kabla katikati hapajaiva.

Kwa nini keki zangu za mafuta kidogo hutoka ngumu kama mpira?

Unga wa ngano una protini ambazo, zikikutana na maji na kukorogwa, huungana kuwa nyuzi za gluteni. Katika keki ya siagi mafuta huzifunika protini hizo na kuzizuia zisiungane sana. Ukiyaondoa mafuta, kinga imeondoka, na kila mzunguko wa mwiko unaongeza uimara ambao ungefaa chapati. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na dawa yake ni kukoroga kidogo na kutotumia mashine ya umeme baada ya unga kuingia.

Sababu ya pili ni aina ya unga. Unga wa kukandia mikate una protini nyingi na haufai. Kwa unga wa kawaida, waweza kuondoa vijiko viwili vya mezani na kujaza wanga wa mahindi badala yake, ule unga mweupe laini wa kuzitishia mchuzi. Sembe haifanyi kazi hiyo. Sababu ya tatu ni sukari. Wapo wanaokata mafuta na sukari kwa mpigo mmoja, bila kujua kwamba sukari pia hulainisha na kushika unyevu. Punguza theluthi ya sukari ya kichocheo cha kawaida, onja, kisha uamue kama uendelee.

Zaidi ya ndizi, ni kitu gani kinachoweza kuchukua nafasi ya mafuta?

Boga lililochemshwa, likachujwa maji na kupondwa, ndilo tunalolipendelea kuliko yote, kwa sababu halijitangazi. Ndizi, hata iwe moja, husikika. Wengine huipenda na wengine hulalamika kwamba wameahidiwa chokoleti wakapewa ndizi. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa hufanya kazi kama boga, ila hunyonya maji zaidi, hivyo ongeza vijiko viwili vya maji. Bitiruti iliyochemshwa na kusagwa huleta unyevu mwingi na rangi ya kahawia yenye wekundu, pamoja na harufu ya udongo ambayo iliki kidogo huituliza. Tende zilizolowekwa na kusagwa huchukua nafasi ya mafuta na sehemu ya sukari kwa pamoja, na kwa watu wa pwani ladha yake na kakao si ngeni kinywani. Tia gramu 120 za tende zilizotolewa kokwa na upunguze sukari hadi gramu 60.

Maharage yaliyosagwa yanatajwa sana. Yanawezekana, na keki yake ni nzito yenye kushikana, lakini tunashauri iliwe siku ya pili ikiwa baridi, kwani ikiwa ya moto maharage hayajifichi.

Je, mayai yamo katika kundi la maziwa?

Hapana. Mayai hukaa kwenye rafu moja na maziwa dukani, na labda ndiyo asili ya swali hili, lakini hayana laktosi, yaani sukari ya maziwa, wala protini za maziwa. Kuhusu mafuta, yai moja kubwa lina gramu 5 hivi, zote zikiwa kwenye kiini; ute karibu hauna kitu. Ndiyo maana ipo keki nzima inayosimama juu ya ute uliopigwa hadi ukaumuka, bila mafuta yoyote, na gramu 30 za kakao zikichekechwa pamoja na unga wake inageuka kuwa ya chokoleti. Masharti yake ni kwamba bakuli lisiwe na chembe ya mafuta wala kiini, na kakao ikunjwe mwishoni kwa mkono mwepesi, maana hata yale mafuta machache ya kakao hulivunja povu.

Na asiyekula mayai atapataje povu la namna hiyo?

Kwa maji ya dengu. Mwaka 2014 mwanamuziki Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yanayobaki kwenye mikebe ya mbegu za jamii ya kunde, kama dengu, hupigika na kuumuka kama ute. Dengu zinazofaa ni zile kubwa za rangi ya krimu. Ukichemsha mwenyewe, ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya bila chumvi hadi ziive, kisha chuja na uendelee kuyachemsha yale maji peke yake mpaka yazite kufikia uzito wa ute wa yai. Vijiko vitatu vya mezani huchukua nafasi ya yai moja. Yapoze kwenye friji kabla ya kuyapiga, na uwe na subira. Huchukua muda mrefu kuliko ute.

Nimekosa bekingi soda. Magadi yanafaa?

Yasitumike. Magadi ya kuchemshia maharage, yanayotoka kwenye ziwa la chumvi kama Ziwa Magadi au Ziwa Natron, yana alkali kali kuliko bekingi soda, na ukali wake hubadilika kutoka bonge hadi bonge. Keki itakuwa na ladha ya sabuni.

Ninaishi Nairobi na keki zangu huumuka kisha zikabonyea katikati, ingawa dada yangu wa Mombasa hutumia kichocheo hichohicho bila tatizo.

Tatizo ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hali ni hiyohiyo Mbeya, au kwa kiasi kidogo Kigali. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu hutanuka haraka kabla unga haujashika, kisha huporomoka; na maji, ambayo huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hukauka mapema. Punguza bekingi soda kwa robo, ongeza vijiko viwili vya mezani vya maji, na uongeze joto la oveni kwa nyuzi 5 hadi 10 ili ukuta wa keki ushike upesi. Keki zenye mafuta machache huathirika zaidi kwa ukavu, kwa hiyo anza kuchoma kijiti dakika tano kabla ya muda ulioandikwa.

Sina oveni. Je, sufuria na makaa vitafaa?

Vinafaa, na keki nyingi za mitaani kwetu zimeokwa hivyo. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu au mawe madogo chini, ifunike na uipashe moto kwa dakika kumi na tano juu ya makaa machache. Weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika, kisha panga makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kinyume chake huunguza kitako wakati uso bado ni rojo, na kakao iliyoungua ina uchungu usiofichika hata kwa kukata sehemu iliyoharibika. Usifunue kabla ya nusu saa kupita. Jiko la mkaa liwe mahali penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa.

Mbegu za kakao zinalimwa kwetu Kyela. Naweza kusaga zangu badala ya kununua unga?

Waweza, na ni jambo la kufurahisha kwamba swali hili linaulizwa, kwani kakao ya Kyela, kama ile ya Bundibugyo nchini Uganda na Beni nchini Kongo, kwa sehemu kubwa husafirishwa ikiwa mbegu kavu na kurudi ikiwa kwenye pakiti. Tumia mbegu zilizovundikwa na kukaushwa vizuri. Zikaange kwa moto wa wastani, au uzitie ovenini nyuzi 130 kwa dakika 25 hivi, hadi maganda yaanze kupasuka na kutoa mlio mdogo. Menya, pepeta maganda, kisha saga.

Utakachopata si unga bali tope linalong'aa, kwa sababu mafuta yote yamo bado. Gramu 35 za tope hilo zina mafuta yapatayo gramu 18. Katika kichocheo chetu, gramu 35 za unga wa dukani pamoja na kile kijiko cha mafuta ya alizeti hutoa gramu 17 na nusu. Kwa hiyo ukitumia tope la mbegu zako, ondoa kijiko cha mafuta, na hesabu inabaki palepale. Ladha itakuwa tulivu kidogo kuliko ya unga wa dukani, kwa kuwa nusu ya ulichopima ni mafuta, lakini ina harufu ambayo pakiti iliyokaa rafuni miezi mingi imekwisha kuipoteza.

Asali au sukari guru si bora kuliko sukari nyeupe?

Kwa ladha, pengine; sukari guru na kakao hupatana vizuri sana. Kwa mwili, tofauti ni ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, na asali imehesabiwa humo waziwazi. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba unga wa ngano, ndizi na tende vyote huongeza sukari mwilini hata pale ambapo keki haina sukari iliyoongezwa, na kwamba kupungua kwa mafuta hakubadilishi jambo hilo. Kipimo chake akipange na anayemhudumia.

Ninayemwokea ana mzio wa maziwa. Je, chokoleti nyeusi ni salama?

Hapa inabidi kutenganisha watu wa aina mbili. Yupo ambaye tumbo lake halimeng'enyi laktosi, sukari ya maziwa, kwa kuwa mwili hupunguza kimeng'enya chake baada ya utotoni. Hali hii ni ya watu wazima wengi duniani, ingawa katika jamii za wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan wengi huendelea kuyameng'enya, kama utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff ulivyoonyesha mwaka 2007 kwa kubaini mabadiliko ya vinasaba yaliyojitokeza huku bila kutegemea yale ya Ulaya. Mtu huyu akila chembe ya maziwa hataumia sana. Mwenye mzio wa kweli ni mwingine kabisa: mwili wake hupambana na protini za maziwa, na kiasi kidogo sana chaweza kumfikisha hospitali.

Kwa huyo wa pili, chokoleti nyeusi haiaminiki kwa jina lake tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima vipande 100 vya chokoleti nyeusi, na matokeo iliyotoa mwaka 2015 yalionyesha maziwa katika zaidi ya nusu ya vile ambavyo havikuyataja kuwa kiungo, kwa sababu mitambo ileile hutengeneza chokoleti ya maziwa. Unga wa kakao mtupu una hatari ndogo zaidi, ila soma onyo la pakiti. Kwenye vifungashio vya Kiingereza tafuta maneno milk solids, whey, casein na butterfat, na usisahau majarini, kwani baadhi yake hutiwa maziwa. Samli nayo ni zao la maziwa, hata ikichujwa namna gani. Vyombo vioshwe upya kabla ya kuanza, pamoja na mwiko wa mbao.

Kuna kitindamlo cha kakao kisichohitaji kuokwa kabisa?

Kipo, na kwa uchache wa mafuta kinaishinda keki yetu ya ndizi. Changanya gramu 35 za wanga wa mahindi, gramu 30 za kakao, gramu 70 za sukari, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Lainisha kwa maji baridi kidogo kati ya mililita 500, chemsha yaliyobaki, yamimine huku ukikoroga, kisha rudisha motoni na ukoroge bila kuacha, ukikwangua pembe za sufuria, hadi mchanganyiko uzite na kutoa mapovu mazito kwa dakika moja au mbili. Gawa kwenye vikombe na ufunike kwa karatasi inayogusa uso ili usifanye utando. Mafuta yake hayafiki gramu 1 katika kila gramu 100, kwa hiyo hiki ndicho kinachostahili jina la mafuta kidogo bila ubishi. Ukitumia maziwa ya soya badala ya maji kinakuwa laini zaidi na mafuta huongezeka kidogo tu.

Wenye friza na blenda wanaweza pia kugandisha ndizi nne zilizokatwa vipande na kuzisaga na vijiko viwili vya kakao. Huliwa papo hapo.

Nipambe keki kwa nini, ikiwa krimu na siagi haviruhusiwi?

Chekechea kakao kavu juu yake, au sukari ya unga kidogo kupitia karatasi iliyokatwa maua. Ukitaka kitu kinachong'aa, koroga gramu 60 za sukari ya unga, kijiko cha mezani cha kakao na vijiko vya chai viwili au vitatu vya maji ya moto. Mafuta karibu hayatakuwapo ila sukari itakuwa imeongezeka, na tunaona keki yenye ndizi haiihitaji.

Keki hizi hukaa muda gani?

Kwa joto la pwani, siku mbili ndani ya chombo kilichofungwa, maana boga na ndizi huleta unyevu ambao ukungu huupenda. Friji huzuia ukungu lakini huifanya keki ichakae haraka, na isiyo na mafuta hukauka kabla ya ile ya siagi. Njia nzuri ni kuikata ikishapoa kabisa, kufunga kila kipande peke yake na kukigandisha. Kitabaki kizuri kwa miezi miwili. Kitoe saa moja kabla ya kula bila kukifungua, ili unyevu unaojikusanya ubaki juu ya mfuko na si juu ya keki.